Duara Lisilokuwepo Kifuani

Ndugu zangu, majirani, wateja wake na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, poleni na ahsanteni. Mimi ni mdogo wake, tulifuatana ziwa. Tangu nipate akili nilikuwa mtu wa kutumwa na yeye, na wasifu huu ni moja ya kazi alizonituma. Kaka yetu, ambaye ni kitindamimba, alitaka uwe nusu ukurasa, na kwenye ugonjwa tuandike tu "aliugua kwa muda mrefu" halafu tupite. Nikamwambia nusu ukurasa autunzie wasifu wake mwenyewe. Kama kuna mahali nitasema kwa ukali, mnisamehe, maana huzuni yangu haijafundishwa adabu.

Marehemu alizaliwa Jumatatu tarehe 14 Machi 1966 katika chumba cha nyuma cha duka la baba yetu, fundi wa vitasa na makufuli. Hakukusudiwa kuzaliwa humo. Asubuhi ile baba alikuwa amebadilisha kitasa cha mlango, akaufunga kuujaribu, kisha akaondoka kwenda kwa mteja na ufunguo mpya mfukoni. Mama akabaki ndani, na uchungu ukamkuta huko. Mkunga aliingia kwa dirisha, akiwa ametanguliza mkoba wake. Baba aliporudi saa saba alikuta watu wamejaa nje ya duka lake, na yeye ndiye mwenye ufunguo. Mama alilitaja jambo hilo kila walipogombana kwa miaka ishirini na mitano iliyofuata.

Alianza shule ya msingi Januari 1973 akamaliza 1979, na sekondari akamaliza Novemba 1983. Hesabu alikuwa nazo kichwani, lakini kinachokumbukwa ni kabati la walimu. Alipokuwa darasa la sita alilifungua kwa kipande cha waya ili amrudishie mwenzake redio iliyokamatwa, akalifunga tena vizuri kuliko lilivyokuwa. Mwalimu mkuu alitafakari siku mbili. Badala ya kumwadhibu akamkabidhi funguo zote za shule, akasema, "Bora mwizi awe mlinzi." Dada hakuipenda ile "mwizi", lakini funguo alizishika hadi anamaliza, na hakuna uliopotea.

Mwaka 1984 aliingia dukani kwa baba kujifunza kazi. Baba alipofariki mwaka 1991 duka likawa lake: mita mbili kwa moja na nusu, kati ya fundi viatu na mpiga picha za pasipoti. Mlifika wengi. Mnakumbuka ubao wa funguo ghafi, zisizochongwa bado, ukutani, jiliwa la kubania funguo lililofungwa kwenye meza, na ile mashine ya kuchonga iliyopiga kelele kuliko wateja. Mtu akija akauliza "Fundi yuko wapi?" anajibiwa "Umemwona." Akisema "Namaanisha fundi mwanamume," dada alimwambia, "Huyo yuko nje ya mlango wake, amejifungia, ananisubiri mimi." Jina la Fundi lilimganda hapo. Hata mimi ndivyo nilivyomwita, tukipatana. Alifanya kazi kwa sikio. Alisema tupa ikipita kwenye ufunguo inaongea, na ukikosea hata kidogo inabadilisha sauti. Angeweza kukupa kisogo, anakunywa chai, na kukuambia jino la tatu umelila sana.

Kuna kisa alichopenda kukisimulia, nami nakiweka hapa kwa sababu tutakihitaji mbele. Mwaka 1998 aliitwa na mwenye ofisi moja aliyepoteza funguo. Walipofika wakamkuta mlinzi mpya mlangoni. Mlinzi akawazuia wote wawili. Mwenye ofisi akasema, "Hii ofisi ni yangu!" Mlinzi akasema, "Niliambiwa mtu yeyote asiingie." "Aliyekuambia ni mimi!" "Ndiyo mzee, na ninatii." Akamkaba bosi wake ukutani kwa utiifu huohuo, shati likapasuka. Dada alikaa juu ya sanduku lake la vifaa akacheka mpaka machozi.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Desemba 1992 na shemeji yangu huyu hapa, mpiga chapa. Shemeji, utanivumilia. Huyu bwana alikuja dukani na kufuli lilelile mara nne kwa mwezi mmoja, kila mara ufunguo umepotea. Mara ya nne dada alimchongea ufunguo, akauning'iniza shingoni mwake kwa kamba kama mtoto wa chekechea, akamwambia, "Mtu anayepoteza ufunguo mara nne ama ni mlevi ama ana lake jambo. Pombe hunuki. Sema." Akasema. Walipata mtoto mmoja, binti, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1997, ambaye leo ndiye anayefungua duka.

Sasa nafika pale kaka alipotaka tupite.

Ugonjwa ulianza Agosti 2009, akiwa na miaka arobaini na mitatu. Vidole vya mikono yote miwili vilivimba, kushoto kama kulia, na asubuhi vilikataa kufunguka kwa saa nzima na zaidi. Sisi tukamtania kwamba kazi imemzeesha. Akapaka mafuta ya kila rangi. Mwaka wa pili ndipo alipofika kwa daktari wa viungo, mama mmoja mpole asiyependa haraka, akaambiwa ni baridi yabisi. Dawa zilimsaidia, nisiwe mwongo. Alikunywa vidonge vyake kila Ijumaa kwa miaka kumi na miwili na bado alichonga funguo. Lakini mapumziko ya ugonjwa yalikuwa ni ya kuazima.

Machi 2014 aliingia bafuni saa kumi na mbili asubuhi akafunga komeo. Komeo lile alilitengeneza mwenyewe, na lilikuwa imara kuliko yote nyumbani: kulisukuma unatumia kiganja, kulivuta unahitaji vidole viwili. Vidole viwili siku hiyo hakuwa navyo. Shemeji akaleta shoka. Akasikia kutoka ndani, "Ukigusa mlango wangu na shoka, tunaachana!" Basi akakaa sakafuni upande wa nje, na yeye akakaa juu ya ndoo upande wa ndani, mikono ameibana kwapani ipate joto. Walikaa hivyo saa moja na dakika arobaini, shemeji akimsomea gazeti kwa sauti, mpaka vidole vikaamka, akavuta komeo mwenyewe akatoka. Sisi tulikuwa tumejiandaa kucheka. Hakucheka. Siku hiyohiyo alimsimamia binti yake akang'oa makomeo na vitasa vyote vya ndani, na tangu hapo nyumba ya fundi wa vitasa haikuwa na mlango hata mmoja wa kujifungia. Nilimuuliza kwa nini asubiri muda wote ule ilhali mlango unavunjika. Akajionyesha mwili mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni. "Ule ningeuvunja. Na huu nao nitauvunja kwa shoka gani? Nafungua milango ya mji mzima, mdogo wangu, na mimi mwenyewe nimefungiwa humu."

Nilihamia kwao mwaka uliofuata kumsaidia. Daktari alimpa karatasi yenye mchoro wa mtu aliyesimama, mikono pembeni, na maduara thelathini kwenye viungo: vidole, viwiko, magoti, mabega, taya. Kila asubuhi ujaze duara la kiungo kinachouma. Shemeji akawa anamchapia nakala mia tano kila mwaka kazini kwake. Kwa kuwa kalamu ilimshinda, mjazaji nikawa mimi. Yeye anataja, mimi natia wino, kisha tunakunywa chai. Tuliizoea ile karatasi. Tukafika mahali tukaiamini kuliko tulivyomwamini yeye.

Jumanne tarehe 13 Juni mwaka huu, 2023, nilimsindikiza kliniki. Daktari aliweka majibu ya damu mezani, akatueleza kwa nini viungo vinavimba. Alisema mwili una kingamwili za kupigana na vijidudu, lakini zipo nyingine zinazogeuka kumpiga mwenye mwili, na katika damu ya dada zilikuwa nyingi sana, za aina zote mbili walizopima. Dada akapiga kelele, "Hee! Kumbe ni yule mlinzi!" Daktari akadhani amechanganyikiwa. Ikabidi asimuliwe kisa chote cha ofisi, akacheka naye. Halafu akaacha kucheka.

"Tatizo," akasema, "walinzi wako hawakai viungoni tu. Wanazunguka na damu. Uvimbe unaokula viungo unaweza kuchokoza pia kuta za mishipa, ile ya moyo na ya shingo. Kuta zinanenepa mapema, njia inasinyaa, na mtu hasikii kitu."

"Presha yangu nzuri," dada akasema. "Sukari sina. Sigara nimeionea kwa jirani."

"Ndiyo sababu nakuambia. Mtu kama wewe kwenye karatasi anaonekana salama."

Nataka niwe mkweli kwa wenye ugonjwa huu walioko hapa, msije mkaondoka mmeshika mioyo. Daktari hakusema kila mwenye baridi yabisi atapata maradhi ya moyo. Alisema hatari yao ni kubwa kuliko ya wengine, inaonekana zaidi kwa wenye kingamwili hizo, na kwamba watafiti bado wanabishana lawama ni za kingamwili zenyewe kiasi gani na za uvimbe wa miaka mingi kiasi gani. Alichotaka ni mishipa iangaliwe mapema. Basi. Aliandika barua ya kwenda kliniki ya moyo.

Kliniki ya moyo wakampima uzito, presha na mafuta ya damu, wakajumlisha kwenye jedwali lao, wakaandika "hatari ndogo". Jedwali halikuwa na mahali pa kuandika baridi yabisi. Wakasema maumivu yake ni ya viungo, arudi kwa daktari wa viungo. Daktari wa viungo akamrudisha kule. Miezi mitatu tulikuwa watu wa korido, tumekalia mabenchi yaleyale, barua ileile imechanika kwenye mikunjo. Dada akasema, "Hii ndiyo milango miwili inayofunguliwa na ufunguo ulio ndani ya mwenzake." Mwishowe daktari wa viungo alipiga simu mwenyewe akagomba, jambo ambalo sikulitegemea kwake, na tukapewa siku ya kupigwa picha ya mishipa ya shingo: Jumatatu tarehe 20 Novemba.

Jumatatu tarehe 6 Novemba asubuhi tulikaa na karatasi yetu. Akataja kifundo cha mkono wa kulia, nikajaza. Akataja vidole, nikajaza. Kisha akaweka mgongo wa mkono hapa, katikati ya kifua. "Na hapa. Kama mtu amenikalia."

Nikatafuta kwenye mchoro. Nikamwambia, "Fundi, hapo hapana duara."

Akacheka. "Basi weka bega."

Nikajaza bega la kushoto.

Jumanne akasema bega tena, na taya. Nikajaza. Jumatano akasema amechoka kabla hajafanya kazi, nikamwambia ndiyo baridi yabisi yako hiyo, ilishatuzoea, lala kidogo. Nilisema mimi. Hayupo mwingine wa kulaumiwa, na kaka alipotaka tupite hapa najua alitaka kunifunika mimi. Ahsante, kaka. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini angalau aliyeyamwaga aseme.

Jumanne hiyohiyo alinipa kazi nyingine. Alikuwa ameketi nyuma ya duka, binti yake anachonga ufunguo. Akaninong'oneza, "Sikiliza ile tupa. Huyu mtoto asubuhi tupa yake haisemi vizuri. Ikifika saa nne inanyooka." Nikasema labda ni usingizi. Akanikazia macho. "Mimi nilianza hivyohivyo. Daktari alisema hao walinzi wanaweza kukaa kwenye damu miaka kabla kidole hakijavimba. Mpeleke akapimwe. Nikikutuma kitu kimoja tu duniani, ni hicho. Na nikifa, usiwasomee watu kwamba niliugua kwa muda mrefu. Soma yote, asikie." Nikamwambia aache maneno ya kufa. Nikaahidi, ili anyamaze.

Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa dukani, alisema, "Jasho gani hili?" akaegemea ubao wa funguo. Mteja aliyekuwa anasubiri kufuli lake aliwapakia kwenye gari, yeye na binti. Walifika hospitali saa tano kasorobo, na pale ikathibitishwa kwamba ameshatutoka. Mishipa ya moyo ilikuwa imeziba. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na kwake kilikuwa ndani zaidi ya nguo. Nilipofika nyumbani karatasi ya asubuhi ile ilikuwa mezani. Bega la kushoto, duara jeusi, wino wangu.

Nikampelekea binti ujumbe wa mama yake siku ya pili. Akakataa. Akasema ni kubana funguo tu, mama mdogo, ni baridi, ni uchovu wa msiba. Maneno yote anayajua, maana aliyasikia nyumbani. Sikubishana naye. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwenye msiba huwezi kumwambia mtoto methali hiyo na bado akakupenda.

Jana asubuhi tulikaa kukunja karatasi hizi mlizoshika. Shemeji ndiye aliyezichapa. Mimi nakunja, binti anakunja. Baada ya kumi hivi nikaona yeye hatumii vidole, anapitisha kiwiko kwenye mkunjo. Akaona nimeona. Akaficha mikono chini ya meza, na hapo nikamwona dada yangu mwaka 2009, ndiye yeye mtupu, anaficha mikono tukimtania. Nikasimama nikaenda kuchukua nakala moja kati ya zile zilizobaki. Nikachora duara kifuani kwa kalamu. Nikaweka karatasi na kalamu mbele yake, nikarudi kukunja.

Tulisikia shemeji anakohoa chumba cha pili. Halafu binti akaishika kalamu kwa ngumi, kama mama yake, akaanza kujaza. Vidole vitatu vya kulia. Vitatu vya kushoto. Vifundo vyote viwili vya mikono. Maduara manane. Kisha kalamu ikafika kifuani, ikasimama pale, nami nikaacha kukunja.

"Hapa hapana kitu, mama mdogo," akasema.

Akaliacha jeupe. Akaweka kichwa mezani, juu ya karatasi za mama yake, akalia kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Jumatatu ijayo, tarehe 20, saa mbili asubuhi, daktari wa viungo atampokea, siku ileile aliyopangiwa mama yake. Nitakaa naye kwenye benchi lilelile. Mkifungua karatasi mlizoshika mtaona mchoro huo umechomekwa ndani. Shemeji ameuchapa upya usiku wa kuamkia leo, una maduara thelathini na moja. Wenye kuuhitaji chukueni, mpeleke nyumbani.

Marehemu ameacha mume, aliyemsomea gazeti mlangoni, binti mmoja, kaka mmoja, aliyetaka nusu ukurasa kwa upendo, mimi mdogo wake, duka lenye funguo ghafi mia mbili na arobaini ukutani, na nyumba isiyo na makomeo.

Fundi, kazi uliyonituma nimeishika. Sasa toka humo ulimofungiwa, dada yangu, ukapumzike. Mlango uko wazi.